Punda Aliyekula Kombe la Dunia

Kriketi niliicheza Mombasa miaka 11, na niliicheza vibaya. Kapteni alikuwa akinipanga mbali kabisa, karibu na ukuta, mahali ambapo mpira haufiki ila umepotea. Lakini nilikuwa nakumbuka mikimbio, yaani alama, za wenzangu kuliko wao wenyewe, basi nikaacha gongo, nikashika kalamu. Siku hizi naandika historia ya mchezo huo. Nina daftari. Nilikuwa nalo, tuseme.

Juzi nilirudi kwetu Lamu, nikaketi na wazee pale Mkunguni, mbele ya Ngome. Nikawaambia kwamba tarehe 29 Februari 1996, kule Pune nchini India, Kenya iliipiga West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, kwenye Kombe la Dunia la kriketi. Sisi mikimbio 166, wao wote wakatolewa kwa 93.

"Tarehe 29 Februari," mzee mmoja akarudia, akipuliza kahawa yake. "Uongo nao una siku yake."

"Wallahi, babu! Brian Lara mwenyewe, mpigaji wao hodari, alipata 8 tu. Alirushiwa mpira na Rajab Ali wetu, akaupiga, Tariq Iqbal akaudaka, akatoka."

"Rajab Ali wa nani?"

Hapo Lara akasahauliwa. Wakamtafutia Rajab ukoo, wakapita Pate, wakapita Siyu, mpaka wakakubaliana kwamba wanamjua mjomba wake. Nikawafungulia daftari, hakuna aliyevaa miwani. Nikaona heri niwaonyeshe kwa vitendo. (Umri wangu ni miaka 58. Hilo nilipaswa kulikumbuka mapema.)

Nikaweka daftari barazani. Kijana mmoja nikampa kasia awe Lara, mimi nikachukua chungwa niwe Rajab. Nikarudi nyuma hadi karibu na mlango wa Ngome, nikaja mbio. Hatua ya nne, kikoi kikalegea. Hatua ya sita, mkono mmoja una chungwa, wa pili una heshima yangu. Chungwa likaruka likaangukia kwenye sinia la kahawa, na uwanja mzima ukacheka isipokuwa muuza kahawa.

Nilipomaliza kujifunga kikoi ndipo nikasikia nyuma yangu: kwacha, kwacha, kwacha. Punda! Tena ametulia kama yuko kwao. Nikavuta, akavuta. Mwenyewe akatokea mbio, nikidhani amekuja kunisaidia.

"Wino huo ukimuumiza tumbo, nani atalipa?"

Nikatoa shilingi 200, na muuza kahawa naye nikamlipa vikombe vyake. Mkononi nimebaki na kipande kimoja, kimelowa mate. Nilikuwa nimeandika Kenya juu na 166 pembeni yake, West Indies chini na 93 pembeni yake. Punda kala pembe mbili: ya Kenya na ya 93.

Sasa ndipo yule mzee akavaa miwani.

"West Indies... 166," akasoma kwa sauti ili wote wasikie. Akakikunja kile kipande, akakitia mfukoni mwa kanzu. "Kijana, mbona tulifungwa?"