Kasuku Ananyonyoka, Mimi Ndiye Ninayeumia

Jamani, kama kuna mtu amefuga kasuku akavuka msimu huu wa manyoya na akili zake timamu, anitafute, kahawa juu yangu. Hapa kwangu Bondeni manyoya yamefika mpaka ndani ya birika la chai. Nafagia asubuhi, nikirudi jioni zulia limeota mvi. Na kasuku wa kijivu hana manyoya tu, ana na vumbi lake jeupe, linatua kwenye televisheni, kwenye kochi, kwenye suruali yangu nyeusi. Kazini wananiuliza kama nimefungua kinu cha unga.

Jirani naye alichungulia pipa la taka, akanuna. Salamu akakata. Kumbe anadai tumechinja kuku, na hata bakuli la mchuzi hatukumpelekea! Nikamtolea unyoya mwekundu wa mkia aone ni kasuku. Akautazama, akasema, "Basi mlichinja jogoo."

Ndege mwenyewe ni urithi wa marehemu mkwe. Hawa wakitunzwa vizuri hufika miaka 40, wengine 60, kwa hiyo huyu atanizika, na matangani mwangu atakayeongea sana ni yeye. Halafu si ndege wa kuokota tu. Tangu 2017 biashara ya kuwatoa porini na kuwauza nchi za nje imepigwa marufuku, na hapa Kenya kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Anacho. Ndani ya nyumba hii yeye anaishi kwa karatasi, mimi naishi kwa huruma ya mama watoto.

Tulimwita daktari wa mifugo. Akasema si ugonjwa, manyoya ya zamani yanatoka kidogo kidogo na mapya yanachipua; wasiwasi uje tukiona ngozi tupu, maana hapo atakuwa anajinyofoa mwenyewe. Mpaka hapo tulikuwa sawa. Kisha akaongeza kwamba unyoya karibu wote ni protini, apewe mayai. Basi! Tangu siku hiyo ndege anakula yai la kuchemsha, na ganda lake limesagwa apate madini ya chokaa, pamoja na karoti, boga, papai na mchicha wa sokoni Marikiti uliooshwa ukaoshwa tena. Mimi niko na ugali na sukuma. Nikauliza kwa upole, langu yai liko wapi? Mama watoto akanijibu, "Kwani wewe unaota manyoya?" Kitu pekee ninachokula mbele yake kwa raha ni parachichi, kwa sababu kwake hilo ni sumu.

Lakini mateso yenyewe yako kichwani. Kichwani kwake, namaanisha. Unyoya mpya hutoka umefungwa ndani ya ala ngumu, nyembamba, na unawasha kweli kweli. Wa mwilini anauchambua kwa mdomo wake. Wa kichwani haufikii. Porini angechambuliwa na mwenzake. Hapa mwenzake ni mimi. Kila jioni, hata viatu sijavua, natia kidole utosini, nasugua ala iliyokauka taratibu mpaka inapukutika chembe nyeupe na unyoya unafunguka. Ole wako uguse ambao bado ni mbichi, wenye weusi wa damu shinani! Anapiga yowe, anang'ata. Kidole changu cha shahada kina makovu. Nikikinyanyua kwenye tahiyatu, aliye kando yangu anaguna. Na ukali wote huo anautoa kwa sauti ya mke wangu: "Polepole, Baba Rukia! Polepole!"

Kuna na kuoga. Maji ya uvuguvugu, chupa ya kupulizia, manyunyu mepesi juu ya mgongo ili mwasho upungue. Mfereji wetu umekauka, maji tunanunua kwa mwenye mkokoteni, na mtungi wa kwanza ni wa nani? Usiku ukiingia, kizimba kinafunikwa shuka apate usingizi mrefu. Mpira natazama bila sauti, bao likiingia nauma mto.

Juzi mwenye nyumba akaja kudai kodi. Nikajibana nyuma ya mlango.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Ndege akaitika kwa sauti ya mama watoto, na adabu zote: "Karibuuu! Baba Rukia yumo ndani!"

Mzee akaingia, akaketi, akaletewa maji. Akamkodolea macho kasuku, mkia nusu, kichwa kimejaa miba. "Huyu mbona ananyonyoka hivi?"

"Ni msimu wake, mzee. Hauishi kwa mara moja, unakwenda kidogo kidogo."

Akatoa unyoya juu ya kofia yake, akaupuliza ukaniangukia mimi. "Na kodi yangu, msimu wake lini?"

Sijafungua mdomo, kasuku akanijibia, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe: "Kesho, mzee. Kesho inshallah."