Kiolezo cha ustadi kinasingiziwa

Ukitaka wakala wa akili mnemba, yaani programu inayokutekelezea kazi, afanye kazi ileile kwa namna ileile kila mara, humwelezi upya. Unamwandikia faili la ustadi, yaani maelekezo ya kazi hiyo. Tangu kampuni ya akili mnemba ya Anthropic ilipotoa muundo wa mafaili hayo, SKILL.md, Oktoba 2025, na Desemba mwaka huohuo kuufanya kiwango huria ambacho yeyote anaweza kukitumia, mafaili haya yamezagaa, mengi yakiwa yamezaliwa na kiolezo, yaani faili lenye vichwa vilivyopangwa tayari, wewe ujaze tu. Lawama nazo hazikukawia: eti kiolezo kinazaa mapacha, vichwa vizuri, matumbo matupu.

Zina ukweli wake. Mtu akikuta kichwa kinachosema "Mifano" hujiona ana deni la kuweka mfano hata kama hana. Anajazajaza, na wakala anayasoma yote hayo kwa gharama ya tokeni, vipande vya maneno ambavyo matumizi yake hupimwa navyo. Tena zipo kazi, kama kubadili majina ya mafaili, ambazo aya mbili zinazitosha.

Lakini tazama ustadi unakofia hasa. Wakala anapoanza hasomi faili zima. Anaona jina na maelezo mafupi ya kila ustadi, basi. Mwili, yaani maelekezo yenyewe, anaufungua pale tu anapoona unahusika. Kwa hiyo kurasa zako zote za maelekezo zimening'inia kwenye uga mmoja, ule wa maelezo mafupi, wenye ukomo wa herufi 1,024. Andika humo "Husaidia kushughulikia hati," na ustadi utalala kwenye folda usiitwe na mtu. Andika "Hutoa majedwali kwenye PDF na kuyapanga katika lahajedwali. Tumia mtumiaji anapotaja ankara, risiti au taarifa ya benki," na wakala anapata pa kushikia. Mimi mwenyewe nimewahi kushinda siku nzima nikinoa hatua za ustadi nilioandika bila kiolezo, nikishangaa mbona matokeo hayabadiliki. Faili lilikuwa halijafunguliwa hata mara moja.

Anayeandika kwa kichwa chake huanza na anachokijua, yaani hatua za kazi. Swali la "lini" halimjii, maana yeye tayari yuko kazini; wakala ndiye aliye mlangoni. Kiolezo kilichotungwa vizuri humdai jibu hilo kabla hajagusa hatua ya kwanza, na hapo ndipo kinapolipa gharama yake mara kumi. (Kilichotungwa vibaya hudai historia ya mradi na jina la mwandishi. Hicho sikitetei.)

Urefu haunisumbui sana. Ushauri wa kawaida ni mwili usivuke mistari 500, ya ziada iwekwe kwenye mafaili ya pembeni yatakayosomwa yakihitajika.

Kiolezo changu sasa kimebaki na maswali matatu juu kabisa: unafanya nini, utumike lini, usitumike lini. Hilo la mwisho wengi hulifuta wakidhani ni pambo, kisha wanalalamika ustadi wa ankara unarukia kila PDF inayopita, hata barua ya kuomba kazi.