Mgonjwa wa selimundu aombe rufaa mara ngapi?

Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi. Ni ugonjwa wa damu wa kurithi, mtoto anaishi nao siku zote. Lakini dirishani kwenye bima mara nyingi anapokelewa kama mtu mwenye malaria: rufaa, tiba, basi.

Naanza na upande wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), maana hoja yake ni nzito na wengi tunairuka. Bima husimama pale wazima wanapochangia pamoja na wagonjwa. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. NHIF iliposimamisha usajili wake mwaka 2023, sababu moja ilikuwa kwamba wengi walikuwa wanakatiwa kadi wakiwa tayari wanaumwa. Siwalaumu wazazi, ila mfuko wa namna hiyo haudumu. Udanganyifu nao upo: kadi ya huyu anatibiwa yule, kipimo hakikufanyika lakini kimo kwenye fomu. Na bila rufaa, kila mwenye mafua angepanda Bugando, hospitali ya kanda iliyoko Mwanza, inayotegemewa hadi na watu wa Geita, Mara na Simiyu.

Sasa mtazame mama wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Amevuka ziwa na mtoto mgongoni, kalala kwa ndugu Kirumba, Mwanza, alfajiri yuko kwenye foleni ya kliniki Bugando. Karatasi ya rufaa inageuzwa mbele na nyuma: muda umepita. Arudi Ukerewe akaandikiwe nyingine, au alipe taslimu. Na huko Ukerewe daktari ataandika nini kipya? Akivuka kikwazo hicho, famasi wanamwambia dawa imeisha, akanunue nje. Haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu ya selimundu, hunywewa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara ili dozi isimdhuru mtoto. Ikikatika, maumivu makali hurudi, mtoto analazwa, pengine anaongezewa damu. Bili ya wodi inakwenda kwa Mfuko uleule uliokuwa unabana matumizi.

Hapo ndipo naachana na watetezi wa utaratibu huu. Kuhakiki ni haki yao, na alama ya kidole ichukuliwe kila mgonjwa anapokuja. Lakini ugonjwa ukishathibitishwa, rufaa idumu angalau mwaka mzima.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Wavuvi na wachuuzi wa mialoni, ambao kipato chao ni cha siku kwa siku, wakiingia kweli, hofu ya Mfuko kubaki na wagonjwa peke yao itapungua. Kuwaingiza ni kazi ngumu, najua. Suala la dawa, hata hivyo, halihitaji kuwasubiri: kliniki za CTC, za watu wenye virusi vya UKIMWI, tayari huwapa watu walio imara kwenye ARV dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo. Mtoto wa selimundu ambaye dozi yake imetulia apewe vivyo hivyo, na kipimo cha damu afanyiwe hospitali ya wilaya, hukohuko Nansio.