Kubadilika peke yako kunasaidia, ila sio kwa hesabu mnayopiga

Ikiongelewa tu hali ya hewa lazima atokee mtu aseme we zima taa zako, viwanda vinaendelea kutoa moshi, unajisumbua bure. Na kwa hesabu tupu yuko sahihi jamani. Mwaka 2020 watu walifungiwa ndani karibu dunia nzima, ndege zimelala, magari yamepaki, na bado hewa ukaa, ile gesi inayopasha dunia joto, ilipungua kama asilimia 5 hivi tu, maana mitambo ya makaa ya mawe iliendelea kuwaka. Alafu wauza mafuta wanalijua hilo vizuri, kampuni ya mafuta ya BP ndo walioisambaza sana ile kalkuleta ya kupima uchafuzi wako binafsi miaka ya 2000, yani anayekuuzia mafuta ndo anakwambia ujichunguze. Linaniudhi mpaka leo.

Ila msikimbilie kusema basi tukae tusubiri serikali. Angalieni ishu ya ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za CFC, zile zilizokuwa kwenye makopo ya spreyi, zinaweza kuharibu tabaka la ozoni, na wenye viwanda wakabisha weee. Watu wa kawaida Marekani hawakungoja, wakaanza kuziacha spreyi madukani, wakachukua deodoranti za kupaka, mauzo yakashuka hata sheria haijatoka na kuna kampuni zikaacha kutumia CFC zenyewe. Sasa 1978 serikali inapiga marufuku CFC kwenye spreyi, nani angekuwa na nguvu ya kukataa wakati watu walishazizoea za kupaka? Mkataba wa Montreal, wa nchi kukubaliana kuziacha gesi hizo, ukaja 1987 na leo ozoni inapona taratibu.

Aliyeacha kopo lake moja hakuiokoa ozoni, sidanganyi. Alichofanya ni kuonyesha kwamba maisha yanaenda bila hilo kopo, na kwa mwanasiasa anayeogopa kura hicho ni kitu kikubwa sana. Ila CFC ilikuwa pia ndani ya mafriji na viyoyozi, na hapo mteja hakuwa na cha kuchagua dukani, ikabidi sheria ilazimishe viwanda.

Ndo maana sipendi kuona mtu anasimangwa kwa kuendesha gari wakati anapoishi basi halipiti. Huyo mwambieni mwende wote mkadai basi. Lakini we ambaye basi linapita mlangoni kwako, panda, na waambie wenzako unapanda.