Maundi si matembezi ya ufukweni

Asante mwandishi kwa makala yako ya kutuhimiza watu wa Dar twende Marangu, tupande hadi kreta ya Maundi (shimo la volkano ya zamani) tukaione barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, kwa siku moja, bila kulazimika kufika kileleni. Ila pale ulipoandika kwamba ni matembezi mepesi kwa kila mtu, hapo sikubaliani nawe. Sisi tunaishi usawa wa bahari. Geti la Marangu tu, pa kuanzia kupanda, ni karibu mita 1,900, kambi ya Mandara ni 2,700 na ushei, na bado hujafika ukingo wa kreta ya Maundi. Mtu kashuka basi kutoka Mbezi usiku, asubuhi anaanza kupanda: kichwa kitamgonga, pumzi zitakata. Laleni Moshi au Marangu kwanza, jamani.

Njia inapita msitu mnene, mizizi imelowa na inateleza, mbega wanaruka juu yako. Muongozaji akisema pole pole, msikilize. Na muanze mapema, maana wingu likishaifunika Kibo mtarudi bila kuiona.

Kinachoniuma zaidi makala haikukigusa: barafu yenyewe inaisha. Tangu 1912 imepotea zaidi ya asilimia 80, na mwaka 2022 UNESCO ilisema ya Kilimanjaro itatoweka ifikapo 2050. Wanangu wako shule ya msingi, nataka waione kwa macho yao.

Makala ijayo tafadhali utuwekee viingilio vya raia wa Tanzania. Wengi hapa mjini bado wanaamini mlima ule ni wa wageni wenye dola.