Wajina wa Mtu Asiyekuwepo

Kupata wajina kwa kawaida ni jambo la kutaniana tu. Shida huanza pale wajina wako ni mhusika wa hadithi: humfahamu, naye anajulikana kuliko wewe.

Ian Fleming alipomtafutia jasusi wake jina, alitaka jina lisilo na mbwembwe. Alikuwa Jamaika, na kitabu alichokuwa nacho cha ndege wa Karibi kiliandikwa na James Bond, mtaalamu wa ndege kutoka Philadelphia. Akalichukua. Riwaya ya kwanza ilitoka 1953, na baadaye mtaalamu yule akaanza kupigiwa simu usiku na wasichana wakimtaka "James". Mkewe alimwandikia Fleming kumlalamikia kwa utani. Fleming akatoa fidia: Bond akigundua ndege wa kuchukiza, ruksa kumwita Ian Fleming. Mwaka 1964 mume na mke walimtembelea Jamaika, naye akawapa riwaya yake moja aliyoiandikia ndani: kwa James Bond halisi, kutoka kwa mwizi wa jina lake.

Watetezi wa waandishi wana hoja hapa. Akina James Bond ni wengi, na mwandishi akilazimika kuwaomba ruhusa wote, hataandika kitu. Ila Bond alipewa wajina shujaa. Ernő Goldfinger, msanifu majengo mzaliwa wa Budapest, alipewa na Fleming wajina mhalifu mwenye uchu wa dhahabu, tena kwa jina adimu. Mwaka 1959 alitishia kwenda mahakamani. Mchapishaji akalipa gharama za mawakili na kumpa nakala sita za riwaya. Nakala sita! Sidhani alikuwa na hamu ya kuzisoma.

Zamani Uingereza mambo yalikuwa makali zaidi. Mwaka 1908 gazeti la Sunday Chronicle lilimchora Artemus Jones, mzee wa kanisa wa Peckham, London, akiponda raha Dieppe, Ufaransa, na mwanamke asiye mkewe. Gazeti lilisema ni mtu wa kubuni. Akajitokeza wakili Thomas Artemus Jones. Hakuwa mzee wa kanisa, wala hakuishi Peckham, lakini mashahidi walisema waliposoma walidhani ni yeye. Alilipwa pauni 1,750. Kumwadhibu mtu kwa jambo asilokusudia kunanikera, lakini swali la mahakama lilikuwa sahihi: anayekufahamu akisoma jina hili, atamfikiria nani? Kwa James Bond jibu linaweza kuwa yeyote. Kwa Artemus Jones ni mmoja tu, na hapo mimi nipo upande wa mwenye jina.

Siku hizi wizi unakwenda kinyume: wazazi ndio wanaochukua majina kwenye tamthilia. Wengi waliwaita binti zao Khaleesi, cheo cha Daenerys, malkia mwenye majoka wa tamthilia ya Game of Thrones, wakati bado ni mkombozi wa watumwa. Mwaka 2019, tamthilia ikikaribia tamati, akauteketeza mji mzima na watu wake. Mwandishi hana wa kumwomba radhi hapo, na mzazi hakutabiri. Aliyebaki na jina ni mtoto, anayeulizwa kila anapojitambulisha kama anafuga majoka.