Vibao vya tramu za zamani haviko sawa hata kidogo

Kuna habari inayosema kwamba kwenye tramu za zamani, yaani magari ya abiria yanayopita kwenye reli za mjini, vibao vya safari (vinavyoonyesha tramu inakokwenda) vilikuwa vya aina moja. Hapana. Amsterdam kila laini ilipewa rangi zake juu ya kibao, hata asiyesoma akaitambua kwa mbali. Kwenye tramu za PCC, aina ya tramu za zamani za Marekani, kama zile za laini F ya San Francisco, kibao kipo juu ya kioo cha mbele: kitambaa kirefu chenye majina mengi, kimezungushwa kwenye roli mbili, taa nyuma yake, na dereva huzungusha kwa mkono.

Wanaokarabati waangalie hapa: rangi nyeusi hupakwa kuzunguka herufi, herufi zikiachwa wazi ili mwanga upite. Rangi ikipasuka, mwanga huvuja na jina halisomeki usiku. Kitambaa kikifungwa kwenye roli bila kunyooka, hukimbilia upande mmoja na ukingo wake huchanika. Acheni mizunguko 2 au 3 ya kitambaa kisicho na maandishi kila mwisho, la sivyo dereva akizidisha kuzungusha atakING'oa kitambaa kwenye roli. Balbu za zamani zina joto linalokausha kitambaa; LED ni salama zaidi, ila chagueni mwanga wa manjano, mweupe mkali unaharibu sura ya kibao kabisa.